Roho haiko mahali: maswali tunayowauliza watoto wa Kabondo

Mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipogeuka kuwa mapigano, watu wengi wa Lubunga walivuka mto kuja upande huu wa Kisangani. Mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alifika kwetu Kabondo na beseni moja, mkeka mmoja, na mtoto wake wa kiume ambaye wakati ule alikuwa na miaka 11. Kwa desturi yetu huyo ni mdogo wangu, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

Miezi ya kwanza hatukuona kitu. Mtoto alikula, alikwenda shule, alinisaidia kuchota maji. Kisha akaacha kulala. Piki-piki ikipiga mlio mkali barabarani, alikuwa anaingia chini ya kitanda. Darasani alikaa na kalamu mkononi bila kuandika. Ukimwuliza ana nini, alijibu kwamba hana kitu. Mama mdogo akaamua tumpeleke kwenye kituo cha afya, nami nikatakiwa kuwasindikiza. “Wewe njo unasomaka mambo ya luga,” aliniambia.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mtu mwema. Alikuwa na karatasi ya maswali kwa Kifaransa. Kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kidogo, aliniomba nitafsiri. Swali la nne au la tano lilikuwa na neno “dépression”. Sikuwa na muda wa kufikiri. Nikasema: “Anauliza kama uko na ugonjwa wa akili.” Mama mdogo akasimama. “Mutoto yangu haiko na wazimu,” alisema. Akamshika mtoto mkono, wakatoka.

Juma lililofuata mdogo wangu alikuwa kwenye chumba kimoja cha maombi, amefungishwa chakula siku 3. Huko walizungumza naye Kiswahili chetu cha kila siku, bila karatasi. Walimwuliza: “Usiku nani anakuyaka kwako?” Mtoto anayeota ndoto za vita atajibu nini? Alisema anaona watu. Kutoka jibu hilo mpaka neno “ndoki” ni hatua moja tu. Ilipita miezi 4 kabla familia haijakubali kumtoa.

Nimeandika makala haya kwa sababu kosa lile ni langu, na kwa sababu ni kosa la taaluma yetu. Mimi ni mwanafunzi wa isimu. Nimefanya mitihani juu ya ngeli za Kiswahili na toni za Kilokele. Hata hivyo, siku mtoto wa nyumbani kwangu alipohitaji neno moja tu, sikuwa nalo. Maoni yangu ni haya: msaada wa afya ya akili kwa watoto na vijana wa mji huu hautafika mbali ikiwa haupo katika lugha wanayotumia kusema maumivu yao, na kazi ya kuitafuta lugha hiyo ni yetu, sisi wa kitivo cha lugha, kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Tuanze na maneno yenyewe. Katika vitabu vya Kiswahili sanifu tunasoma “afya ya akili”, “msongo wa mawazo”, “sonona”. Ni maneno mazuri, na huko Tanzania na Kenya yanasikika redioni kila juma. Lakini nenda kwenye soko la Kabondo useme “sonona”. Atakayekujibu atafikiri unatafuta aina ya samaki. “Afya ya akili” ni hatari zaidi, kwa sababu watu wanadhani wameielewa. Kwetu mtu mwenye shida ya akili ni yule anayetembea uchi barabarani na kuokota takataka. Akili ikiharibika, mtu ameharibika. Ndiyo maana mama mdogo alisimama. Hakukataa tiba. Alikataa jina nililompa mwanawe mbele ya watu.

Maumivu ambayo si wazimu, kwetu yana makao mengine. Yanakaa rohoni, moyoni na kichwani. Mtu husema “roho inaniuma”, “roho haiko mahali”, “kichwa inanizunguka”, “niko nawaza mingi”. Jirani anayezungumza Kilingala atasema “motema mpasi” au “makanisi mingi”. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomfanya msemaji kuwa kichaa. Mama anayesema roho ya mtoto wake haiko mahali amekwisha fungua mlango. Anayeulizwa juu ya akili anaufunga.

Na shida haiishi kwenye nomino. Karatasi nyingi za maswali ya aina ile hupima maumivu kwa ngazi: hapana, kidogo, kiasi, sana. Mwanafunzi yeyote wa hapa anajua kwamba katika mazungumzo yetu “mingi” hubeba wingi na ukali pamoja. Mtoto anayeota ndoto mbaya mara nyingi na mtoto anayeota ndoto moja ya kutisha kupita kiasi wanaweza kujibu neno lilelile. Karatasi itaandika alama moja kwa wote wawili, na muuguzi ataamini ameona jambo moja.

Kuna pia suala la nani anatafsiri. Siku ile mtafsiri nilikuwa mimi, kaka yake, na mama yake alikaa pembeni. Je, mtoto angeweza kusema alichokiona akivuka mto, wakati mama yake alikiona pia na hataki kukumbushwa? Je, angesema kwamba ananiogopa ninapopaza sauti? Tulimfunga mdomo hata kabla ya swali la kwanza.

Wengine watasema kwamba haya ni mambo madogo ya wanaisimu. Mfano wa kuwajibu unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na akina nyanya 14. Nyanya hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakazungumza Kishona. Hawaulizi juu ya “dépression”. Wanauliza juu ya “kufungisisa”. Wenzangu wa isimu ya Kibantu watalipenda neno hilo: katika Kishona “kufunga” ni kufikiri, na mnyambuliko unaofuata unatia nguvu, basi maana yake ni kufikiri kupita kiasi. Yaani ni “kuwaza mingi” kwetu. Hata hatua za mazungumzo yao zina majina ya Kishona, na ya kwanza ni “kuvhura pfungwa”, kufungua mawazo. Mwaka 2016 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Harare kwa watu wazima 573. Baada ya miezi 6, waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Neno “kufungisisa” lenyewe liliingia katika kitabu kikubwa cha uainishaji wa magonjwa ya akili cha Marekani kilichotoka mwaka 2013. Neno la kijijini likawafundisha wataalamu wa mbali.

Hapa kwetu Kongo pia kuna ushahidi, tena kwa watoto. Huko Beni, watafiti walifanya kazi na wasichana 52 wenye miaka 12 hadi 17 waliokuwa wametumiwa vibaya kingono katika eneo la vita. Waliendesha vikao 15 vya kikundi, na walioviendesha walikuwa Wakongomani wasio na shahada ya tiba ya akili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: dalili za mshtuko zilipungua sana. Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya kazi nyingine ya Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, kwa wanawake walionusurika ubakaji. Wengi wao hawakujua kusoma, basi mafunzo yalibadilishwa ili yashikwe kwa kichwa na yasemwe kwa mdomo katika lugha zao. Nao walipata nafuu kubwa. Katika kazi zote mbili wasaidizi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu waliofunzwa vizuri, wanaosimamiwa, na wanaosema lugha ya anayeumia.

Najua pingamizi la kwanza litakalotoka kwa wasomaji: shida ya Kisangani si maneno. Wanasaikolojia wa watoto ni wachache, dawa ni ghali, na mzazi anayeuza ndizi hana pesa ya kurudi kituoni mara 10. Sikatai. Kamusi haitamlisha mtu wala haitalipa mshahara wa muuguzi. Lakini tazameni tulichokuwa nacho siku ile. Kituo kilikuwepo. Muuguzi alikuwepo na alitaka kusaidia. Mtoto alikuwepo na mama alikubali kuja. Tulipoteza yote hayo kwa sababu ya neno moja, na halikugharimu hata faranga moja. Tukiongeza wanasaikolojia 20 kesho na kuwapa karatasi ileile, tutapoteza watoto kwa kasi kubwa zaidi.

Pingamizi la pili ni kwamba watu wetu wanapenda maombi kuliko hospitali. Sidhani kama ni hivyo tu. Mama mdogo alianza na kituo cha afya. Alikwenda kwenye chumba cha maombi kwa sababu huko walimwuliza jambo ambalo mtoto aliweza kulijibu. Sisemi kusali ni kubaya. Nyumbani tunasali kila jioni, na kuna wachungaji wanaowaambia wazazi wampeleke mtoto kwa daktari. Nasema kwamba swali la “nani anakuyaka usiku” limekwisha chagua jibu lake. Na jibu hilo, sheria imelikataza. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 41, inapiga marufuku kumtuhumu mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu ya kifungo kwa anayefanya hivyo. Wangapi kati ya majirani zetu wamewahi kuzisikia ibara hizo kwa Kiswahili? Watoto wanaofukuzwa nyumbani kwa neno “ndoki” wanalala sokoni, nasi tunawapita tukiwa juu ya toleka, tukiwaita mashege. Majina mawili tu, na mtoto amekwisha toka mikononi mwa kila mtu.

Mji huu una sababu nyingine ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata vita ya siku sita. Mnamo Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya Kisangani. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, wapatao 1,700 waliojeruhiwa, na shule 69 zilizopigwa mabomu. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara iliyoyafanya katika nchi yetu, na milioni 225 kati ya hizo ni kwa madhara yaliyowapata watu. Kizazi changu kimelelewa na watu waliokuwa chini ya vitanda juma lile. Kwetu nyumbani nimesikia hesabu ya mabati yaliyotoboka. Sijawahi kumsikia mama akisema aliogopa. Mdogo wangu alipoingia chini ya kitanda kwa ajili ya piki-piki, mama yangu alitoka nje ya nyumba na hakurudi mpaka jioni. Mimi nilifikiri amekasirika.

Basi, tufanye nini? Mwaka 1971 serikali ilipounganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa kimoja, saikolojia na elimu zilikusanywa hapa Kisangani, na masomo ya lugha yakapelekwa Lubumbashi. Chuo kikuu chetu kimekuwa cha kujitegemea tena tangu 1981, na lugha zinafundishwa hapa kama saikolojia. Lakini ninavyoona mimi, ule mgawanyo bado uko vichwani mwetu. Wenzetu wa saikolojia wanajua cha kuuliza. Sisi tunajua watu wanavyosema. Tunakutana kwenye foleni ya karanga tu. Napendekeza mambo manne.

La kwanza, tukusanye maneno. Kila mwaka wanafunzi wa kitivo hiki wanaandika kazi za mwisho wa masomo. Baadhi yao wapewe kazi ya kukusanya namna watu wa komini zetu sita wanavyosema huzuni, woga, kukosa usingizi na kukata tamaa, kwa Kiswahili, kwa Kilingala, na kwa lugha za nyumbani kama Kilokele, Kilengola na Kimbole. Tuwaulize akina mama, walimu wa shule za msingi na vijana wenyewe. Wala tusimlazimishe mtoto yeyote asimulie yaliyompata kwa ajili ya alama zetu za mtihani. Mwaka 2015 mwanaisimu mgeni, Nico Nassenstein, alichapisha kitabu kizima juu ya Kiswahili cha Kisangani. Ikiwa mtu wa mbali aliona kwamba Kiswahili hiki kinastahili kitabu, sisi tunaona haya ya nini?

La pili, tutafsiri karatasi za maswali pamoja na kitivo cha saikolojia, na tuzifanyie mtihani. Mmoja atafsiri kutoka Kifaransa. Mwingine ambaye hajaiona karatasi ya kwanza airudishe katika Kifaransa. Wa tatu alinganishe. Kisha isomwe kwa sauti mbele ya wazazi 10 wa Kabondo, na kila neno linalowafanya wacheke au wakasirike liondolewe. Ngazi za “kidogo” na “mingi” zinaweza kuonyeshwa kwa vijiwe vinne mezani. Mtoto asogeze anavyoona.

La tatu, tufunze watafsiri. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaweza kujifunza katika majuma machache kanuni ambazo mimi sikuzijua: usimtafsirie ndugu yako, sema kama msemaji alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza, neno likikushinda, sema limekushinda, na uombe lielezwe, uliyoyasikia yabaki chumbani. Kanuni hiyo ya tatu peke yake ingetuokolea miezi 4.

La nne, tuwafikie walimu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kijana mmoja kati ya 7, wa miaka 10 hadi 19, ana shida ya afya ya akili. Katika darasa la watoto 56, hao ni 8. Mwalimu ndiye anayewaona kila siku. Ukurasa mmoja wa maswali mema katika lugha ya mtaa, na maelezo ya mahali pa kumpeleka mtoto, unaweza kubandikwa katika kila chumba cha walimu. Ukurasa huo useme wazi pia kwamba mtoto akitaja kufa au kujiumiza, asiachwe peke yake, na apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Maneno yetu yana mpaka, na kumfungua mtoto mdomo kisha kumwacha hapo ni kumtesa mara ya pili.

Nimalizie habari ya mdogo wangu, kwa kuwa wengine mtaniuliza. Alipotoka kwenye chumba cha maombi alirudi shule. Mwalimu wake, mama mmoja aliyepata mafunzo ya siku chache ya kuwasikiliza watoto waliokimbia vita, alimbakisha baada ya masomo na kumpa kazi ya kufuta ubao. Alipokuwa akifuta, mwalimu alimwuliza bila kumtazama: “Roho yako iko mahali?” Mtoto alijibu: “Hapana, mwalimu. Roho ilibakia ng'ambo.” Mwalimu hakusema neno juu ya akili wala juu ya ndoki. Alimwuliza roho inafanya nini huko ng'ambo. Mazungumzo hayo yameendelea kwa mwaka mzima, mara mbili kwa juma, na mama mdogo sasa anayajua na anayakubali. Mwalimu ndiye aliyemshawishi arudi kwenye kituo cha afya. Mara hii mimi nilibaki nyumbani.

Sasa mdogo wangu ana miaka 13. Analala usiku mwingi, si wote. Piki-piki bado zinamsumbua. Majuzi aliniuliza ninasoma nini chuoni, nikamwambia ninasoma lugha. Akaniuliza kama katika masomo hayo wanafundisha namna ya kuuliza mtu kama roho yake iko mahali. Nikamwambia bado.